Umande wa Machimboni

1

Dokta Gwantwa Mwalyego aliingia msibani na pua yake mwenyewe. Kwa miaka tisa hakuwahi kufanya hivyo. Kila alipokwenda Machimboni alisimamisha gari kwenye mzani wa malori, akatoa kichupa mkobani, akajipulizia puani mara mbili na kusubiri dakika kumi. Hapo ndipo alipoendelea na safari, akiwa sawa na wenyeji. Siku hiyo kichupa alikuwa nacho. Alikishika, akakitazama, akakirudisha. Wanaume watatu walikuwa wamezikwa jana yake, wote wametolewa shimo moja, na yeye aliona haya kwenda kuwalilia akiwa ameziba pua.

Basi uvundo ulimpokea tangu kona ya kwanza. Ulikuwa uvundo wa samaki waliooza, wa maziwa yaliyochacha, wa nepi za watoto, wa plastiki iliyoungua ikazimwa na mvua. Ulimkaa kooni kama tonge lililokwama. Juu ya mapaa ya nyumba dampo lilisimama, mlima wa kijivu uliozidi urefu wa jengo la ghorofa kumi na tano, na malori yakipanda na kushuka ubavuni mwake. Kuanzia chini hadi kileleni ilisimama milingoti myembamba ya chuma, na kila mlingoti ulipumua ukungu mweupe uliotanda taratibu juu ya makazi. Wenyeji waliuita Umande. Ulitoka kidogokidogo kutwa nzima, na kwa nguvu alfajiri na alasiri, na aliyeuvuta kwa saa moja hakusikia tena harufu ya kitu kilichooza. Harufu nyingine zote aliendelea kuzisikia.

Chini ya turubai, kina mama walikuwa wakila wali na maharage. Walisifu iliki iliyotiwa kwenye chai.

"Karibu Dokta, karibu mama yetu," walisema, wakisogea kumpa nafasi mkekani. Mmoja alimnong'oneza mwenzake bila kujali kama anasikika, "Ndiye huyu aliyetuondolea uvundo."

Gwantwa alijitanda khanga vizuri na kuomba aonyeshwe mfiwa.

Zamoyoni alikuwa chumbani, amekaa kwenye godoro sakafuni, ameegemea ukuta. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye macho makavu ya mtu aliyelia mpaka basi. Shimoni mle alikuwa amempoteza mumewe, Kondo, na Tosiri, mwanawe wa pekee wa kiume.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, Dokta. Ahsante kwa kuja. Mtu mkubwa kama wewe kufika hapa kwetu."

Gwantwa aliuliza ilikuwaje, ingawa taarifa alikuwa ameshaisoma.

"Tulikuwa tunachimba choo kipya," Zamoyoni alisema. "Fundi Lugome alikuwa chini, anaimba. Akanyamaza. Tosiri akachungulia, akasema, 'Fundi kazimia kwa joto,' akashuka. Naye akanyamaza. Baba yake akapiga kelele, akashuka. Nilikuwa nimebandika maji ya chai, Dokta. Hayakuwahi kuchemka, na wote watatu walikuwa wamekwisha." Alipangusa uso kwa upindo wa khanga. "Na hatukusikia kitu. Si kelele, si harufu."

Upepo uligeuka, ukapenya dirishani. Katikati ya uvundo wote ule Gwantwa alisikia harufu moja iliyojitenga na nyingine, nyembamba, kama ya yai viza lililopasuliwa chumba cha pili. Alichungulia. Shimo lilikuwa uani, limefunikwa kwa mabati mawili na matofali. Hatua kumi kutoka hapo kina mama walikuwa wameketi, migongo yao imelielekea, wakila.

Alitoka nje haraka, akasema kwa sauti ya kuchangamka iliyomtia aibu hata yeye, "Jamani, jua linawachoma. Tuihamishe turubai kule barabarani, kuna kivuli cha ukuta."

Walihama mara moja, wakamshukuru kwa kuwajali.

2

Alirudi saa tisa na kipimo cha gesi. Mwenyekiti wa mtaa, Bi Mwahija, alifuatana naye. Huyu zamani alikuwa mwokota taka, na hata baada ya kuchaguliwa hakuacha kutembea akitazama chini.

Walisogeza bati moja. Mdomoni mwa shimo kipimo kilisoma kumi na nne. Gwantwa alikifunga kamba na kukiteremsha mita nne, kikaanza kulia. Alipokivuta juu kilikuwa kimeandika mia tisa na thelathini.

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Bi Mwahija.

"Gesi. Taka zikifukiwa, zikaoza bila hewa, ndiyo huitoa. Ni nzito, hukaa chini. Ikiwa kidogo hunuka yai viza, na pua ya mtu huitambua hata kabla kipimo hakijaitambua. Ikifika mia moja inahatarisha maisha, na ikiwa nyingi namna hii, pumzi mbili tatu zinatosha kuua."

"Mbona mimi sijawahi kusikia yai viza hapa?"

Gwantwa alimulika kuta za shimo kwa tochi. Udongo mwekundu ulikuwa wa juu tu, usiofika hata magoti. Chini yake zilikuwa taka tupu, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka hizo ilijipanga mifuko ya buluu. Kila kata ya jiji ilikuwa na rangi yake ya mifuko. Buluu ilikuwa ya Mikoroshoni, kata iliyo upande upepo utokako, alikoishi yeye. Alitazama mifuko ile, akawaza kwamba mmojawapo huenda aliufunga kwa mkono wake, akautoa getini asubuhi na kuusahau kabla hajafika kazini.

"Hapa palikuwa bonde," alisema Bi Mwahija. "Malori yakalijaza, wakamwaga kifusi juu, wakatugawia viwanja. Tulifurahi kweli."

"Hakuna aliyekataa?"

"Akatae kwa sababu gani? Palikuwa safi."

Gwantwa alizaliwa Machimboni, wakati dampo lilikuwa shimo la machimbo ya kokoto lililoanza kujazwa. Shuleni wenzake walisogeza madawati mbali naye. Mama yake alisuuza sare zake kwa maji ya limau kila jioni, na bado walisogeza. Alisoma kemia kwa ajili hiyo, wala hakuwahi kumficha mtu. Alipofika miaka thelathini na tatu alipata molekuli aliyokuwa akiitafuta. Ndani ya pua kuna vipokezi vidogo mno, na kila kimoja kinangojea harufu yake kama kufuli linavyongojea ufunguo wake. Molekuli yake ilijaza matundu ya kufuli za uozo na kuziacha nyingine wazi. Mtu alisikia vitunguu vikikaangwa, akasikia mvua ikinyesha juu ya vumbi, ila mzoga hakuusikia.

Mradi wa jiji uliijaribu ndani ya hema kwa watu thelathini waliojitolea. Wa kumi na saba alikuwa mzee mmoja mcheshi. Alipopewa chupa ya gesi ya yai viza, aliinusa na kucheka, "Haya si maji haya?" Wote thelathini walisema hivyohivyo. Gwantwa aliandika jambo hilo kwa mkono wake, ukurasa mzima, chini akapigia mstari neno *hatari*.

Mkuu wa mradi, Mhandisi Rwezahura, aliusoma. "Gesi hii ipo Machimboni?" aliuliza.

"Kidogo mno."

"Basi ya nini kwenye ripoti? Utawatisha watu kwa kitu ambacho hakipo."

Na kweli, wakati ule dampo lilikuwa halijapita urefu wa nyumba ya ghorofa nne. Gwantwa aliuchomoa ukurasa ule. Hakuna aliyemlazimisha. Hapo ndipo alipokwama kila mara alipojaribu kujitetea: hakuna aliyemlazimisha.

Umande ulipoanza, malalamiko ya Machimboni yalikoma. Kwa kuwa yalikoma, jiji lilifunga dampo la kaskazini, likafunga na la bandarini, na malori tisini kwa siku yakawa mia sita na arobaini. Milingoti mifupi ikawekwa hata kwenye vituo vya kukusanyia taka katika kata nyingine, na watu wa huko nao wakaacha kujali mfuko umekaa nje siku ngapi, au mifuko mingapi imetoka nyumba moja. Kile kidogo mno kikawa kingi, kikatambaa chini ya nyumba za watu, na pua zote zilizopaswa kukigundua yeye alikuwa amezifunga.

3

Kituo cha kuendeshea Umande kilikuwa kwenye kilima kidogo mkabala na dampo. Rwezahura alikuwa dirishani, mikono nyuma. Alikuwa amezeeka katika kazi ile. Gwantwa alimwekea kipimo mezani.

Mhandisi alikisoma, akakaa. "Nilijua utakuja na hiki," alisema.

"Nataka tuzime."

"Tuzime halafu? Watu laki mbili, Gwantwa. Kesho kutwa wanaamka, wanakuta wanaishi ndani ya choo. Watoto waliozaliwa humu hawajawahi kuisikia harufu hiyo maishani mwao. Utawapeleka wapi? Una nyumba za watu laki mbili mfukoni?"

"Wanakufa."

"Wamekufa watatu. Tutagawa vipimo, tutapiga marufuku kuchimba mashimo."

"Vipimo vitafika lini?"

Rwezahura alikuna kidevu. "Miezi minane. Tukiharakisha, saba."

"Masika yanaanza mwezi ujao. Ardhi ikilowa gesi itatafuta pa kutokea. Haitangoja mtu achimbe shimo, itaingia kwa nyufa za sakafu."

Hakubisha. Hakuwa mtu mbaya, na Gwantwa alitamani angekuwa mbaya ili apate wa kumchukia.

"Ule ukurasa," Rwezahura alisema, "bado unao?"

"Ninao."

"Mimi niliuliza tu swali, unakumbuka? Niliuliza swali, wewe ukauchomoa."

"Nakumbuka."

"Basi waulize wao," alisema, akionyesha mapaa kwa kidevu. "Safari hii waulize. Wakisema tuzime, nitazima mimi mwenyewe."

4

Kabla ya kuwauliza wengine alikwenda kwa Zamoyoni. Alikaa naye sakafuni, akaomba mlango ufungwe, akamweleza tangu hemani mpaka shimoni. Hakuacha kitu. Alipofika kwenye ukurasa ule alilazimika kuanza upya.

Zamoyoni alisikiliza akiviringisha uzi uliochomoza kwenye shuka.

"Ngoja nikuelewe," alisema. "Huo uvundo haukuondoka?"

"Haukuondoka. Nilikuondolea wewe uwezo wa kuusikia."

"Na Tosiri? Angeusikia?"

"Fundi Lugome angeusikia kabla hajafika kiunoni. Asingeendelea kuchimba. Na hata angeendelea, Tosiri angeusikia akiwa bado amesimama juu."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Zamoyoni aliukata uzi. Gwantwa alingoja kofi, au kilio, au kuambiwa atoke. Badala yake mama yule aliuliza, kama mtu aulizaye habari za njia, "Sasa hivi upo hapa uani kwangu?"

"Upo. Ndiyo maana nakuomba uhame leo hii, mama. Nyumba hii si salama."

"Nina eda, Dokta. Nimezika mume juzi. Siwezi kuondoka nyumbani kwake kwa kukimbia kitu ambacho sikisikii."

"Kipimo kinaonyesha..."

"Kipimo ni chako. Hata Umande ulikuwa wako, na ulituambia ni salama." Hakupandisha sauti. "Nikiondoka kwa neno lako nitakuwa nimekuamini mara ya pili. Mimi nataka pua yangu. Nirudishie pua yangu, halafu nitaamua mwenyewe."

Gwantwa alitoka akiwa amesahau viatu mlangoni, akarudi kuvichukua, na Zamoyoni hakuinua macho.

5

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa shule. Bi Mwahija alifungua kwa dua, akamkaribisha Dokta. Walipiga makofi. Gwantwa aliwaacha wamalize, ndipo akawaambia.

Hawakuelewa mara moja. Walipoelewa, kelele ilizuka, lakini haikuwa ile aliyoitarajia. Baba mmoja aliyevaa kofia ya ufundi alisimama. "Dokta, kosa umelifanya, Mungu atakuhukumu. Lakini kuzima, hapana! Mimi nina wapangaji sita. Uvundo ukirudi, nani atapanga?"

"Mwanangu anaolewa mwezi ujao!" alipaza mwingine. "Wakwe waje wakute nini?"

"Tulikuwa tunatukanwa!" alisema mama mmoja mnene, akilia. "Wewe si mtoto wa hapa? Umesahau? Nilikuwa nikipanda gari watu wanafungua madirisha. Unataka kuturudisha kule?"

Gwantwa hakuwa amesahau. Hilo ndilo lililomkata maini, kwamba mama yule alisema maneno ambayo yeye mwenyewe angeyasema akiwa na miaka kumi na minne.

"Gesi ipo chini ya nyumba zenu," alisema. "Siwezi kuwaambia ni zipi. Ninyi mngeweza, kama mngekuwa na pua."

"Tupe vipimo!"

"Vitachukua miezi saba."

"Tutangoja!"

Bi Mwahija aliuliza mama mfiwa anasemaje. Gwantwa akarudia maneno ya Zamoyoni kama alivyoyasikia, kwamba anataka pua yake. Yule mwenye kofia akasema, kwa upole, "Mama yule ana uchungu. Tunamwelewa. Lakini ni mmoja."

Walipiga kura kwa mikono. Waliotaka Umande uzimwe walikuwa wachache kiasi kwamba Bi Mwahija aliwahesabu kwa macho, bila kunyanyua kidole. Wa kwanza kati yao alikuwa Bi Mwahija mwenyewe.

6

Usiku huo Gwantwa hakulala, na Jumapili hakwenda kanisani. Aligeuza jambo lile kila upande. Mara ya kwanza aliamua kwa niaba ya watu laki mbili bila kuwauliza. Sasa amewauliza na wamejibu. Kuwapuuza ni kurudia dhambi ileile. Lakini walijibu wakiwa hawasikii, na aliyewafanya wasisikie ni yeye. Anawezaje kuiita ile ridhaa yao? Na mmoja alisema anataka pua yake. Pua ya mtu mmoja inapigiwa kura na nani? Kila alipodhani amefika mwisho, alijikuta ameanzia tena kwenye ukurasa ule aliouchomoa, na hapo hapakuwa na njia iliyomtoa akiwa msafi.

Jumatatu saa mbili asubuhi, baada ya mpulizo wa alfajiri, aliingia kituoni. Rwezahura alikuwa peke yake.

"Wamekataa," mhandisi alisema.

"Najua."

Gwantwa alikwenda kwenye ubao wa pampu na kuzizima moja baada ya nyingine, zote kumi na mbili. Mngurumo ambao watu wa pale walikuwa wameuzoea hata hawausikii ulikatika, na ndege wakasikika kileleni mwa dampo. Dawa ya Umande haikutakiwa kusimama ndani ya mabomba. Ikisimama saa sita huganda kama gundi, na kuyabadilisha mabomba yote ni kazi ya nusu mwaka. Rwezahura alijua hayo vizuri kuliko mtu yeyote. Alikuwa na saa sita za kunyoosha mkono na kuziwasha tena.

Alisimama mlangoni, akatazama milingoti ikiisha ukungu.

"Nikiulizwa nitasema ulinifungia nje," alisema hatimaye.

"Sema."

"Basi funga, Gwantwa. Nisije nikasema uongo."

Alitoka. Gwantwa alifunga mlango kwa ndani, akakaa kwenye kiti chake, akatazama saa ya ukutani mpaka ikafika nane mchana.

Kisha alifungua, akateremka kilima kwa miguu kwenda kwa Bi Mwahija, akamwambia alichofanya. Bi Mwahija alivuta pumzi ndefu, akamwonyesha chumba cha uani. "Kama umefanya hivyo, hulali Mikoroshoni," alisema. "Utalala hapa, uusikie pamoja nasi."

7

Vipokezi vilivyozibwa miaka tisa havifunguki kwa siku moja. Alihesabu vitachukua siku tatu au nne. Siku ya kwanza na ya pili watu walijua tu kuwa pampu zimenyamaza. Siku ya tatu walimjua aliyezizima. Jiwe lilirushwa likavunja dirisha la chumba cha uani, na yule mama mnene wa mkutanoni alikuja mpaka mlangoni, akamtazama, akatema mate chini, akaondoka. Kutoka ofisini alipokea barua ya kusimamishwa kazi na wito wa polisi wa Jumatatu inayofuata. Hakulalamika. Mawe na barua vilikuwa vitu vyepesi, na alishangaa kwamba havikumpunguzia mzigo wowote.

Alhamisi alfajiri alisikia mtu akitapika nyumba ya jirani. Baada yake mwingine. Watoto walianza kulia mtaa mzima, kilio cha mshangao, wakiuliza ni nini. Milango ikafunguliwa. Watu walitoka wamejiziba nyuso kwa khanga na mashati, wakasimama barabarani wakitazama mlima ule kama ulioota usiku huo. Muuza samaki alimwaga beseni zima mtaroni, akakaa kando yake akishika kichwa. Alikuwa ameuza samaki wa aina ile tangu juzi. Mzee mmoja alirudia neno moja tu: "Hivi? Ndivyo tulivyokuwa? Hivi?"

Gwantwa alipita katikati yao na kipimo mkononi. Hakuna aliyemsalimia. Lakini ilipofika saa tatu, mwanamke kijana alimkimbilia, mtoto mgongoni, na bila kumwita Dokta wala mama alisema, "Kwangu, chini ya kitanda, kuna yai viza." Kipimo kilisoma sitini. Baada ya hapo walikuja wengi, wanaume kwa wanawake, wakiwa na hasira na hofu, kila mmoja na mahali pake: nyuma ya kabati, kwenye ufa wa jikoni, chini ya kitanda cha bibi. Hadi Ijumaa jioni nyumba thelathini na nne zilikuwa zimehamwa. Katika tatu kati ya hizo kipimo kilipita mia mbili. Watu wake walilala darasani shuleni. Waliondoka wakimlaani.

Jumamosi asubuhi malori yalipofika kwenye mzani yaliwakuta watu wamekaa chini barabarani, safu kwa safu, na yule baba mwenye kofia ya ufundi mbele yao. Madereva walipiga honi. Hakuna aliyesogea. Mpaka adhuhuri foleni ilikuwa imefika barabara kuu, na jua lilipokuwa kali yalianza kugeuza, moja moja, yakirudisha mifuko kwenye kata yalikoitoa. Mengi yalikuwa na mifuko ya buluu.

Alasiri hiyo Gwantwa alikwenda kwa Zamoyoni. Alikuwa ameahirisha tangu Alhamisi, kila siku akijidai kuna nyumba nyingine ya kupima kwanza.

Alimkuta uani. Mama yule alikuwa amesimama karibu na mabati, begi la nguo limefungwa tayari kando ya mlango. Sheikh alikuwa amemwambia kwamba mwenye kuhofia roho yake anaruhusiwa kuhama, eda ataimalizia kwa kaka yake.

"Usisogee zaidi, mama," Gwantwa alisema.

Zamoyoni hakugeuka. Alivuta hewa kwa pua, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Akakunja uso. Akarudi nyuma hatua mbili, bila mtu kumwambia, mwili wenyewe ukimrudisha. Ndipo akasimama.

"Ni hii?"

"Ndiyo hii."

"Hii tu?"

"Hii tu."

Zamoyoni alitikisa kichwa polepole. Machozi yalianza kumtiririka, naye hakuyapangusa.

"Ni yai viza," alisema. "Tosiri alikuwa hali mayai kwa sababu ya harufu. Tangu mdogo. Akilisikia tu anatoka mbio hadi barabarani, tunamcheka." Alimgeukia Gwantwa kwa mara ya kwanza. "Ingemtosha, Dokta. Hii hii ndogo, ingemtosha."

Gwantwa alifungua mdomo kuomba msamaha, akaona hana haki ya kumtwisha mama yule kazi ya kujibu. Akaufunga. Zamoyoni alichukua begi lake, akampita, akatoka getini. Gwantwa alibaki uani na uvundo, mpaka walipokuja vijana wa Bi Mwahija kulifukia shimo, akashika koleo.